Alama Tatu Zaidi

Kwa miaka mitatu, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Bi Verlene Tubbs alipanda mabasi mawili kwenda ukumbi wa manispaa kuomba bustani ya kuchezea watoto ya mtaa wetu ijengwe upya. Mkazi hupewa dakika mbili za kusema. Yeye hutumia moja kuwasalimia madiwani na kuwaulizia mama zao, kengele inalia hata hajaifikia bembea.

Bi Verlene analea watoto tisa wa majirani wazazi wakiwa kazini. Bustani ni kutu na vigae vya chupa, kwa hiyo wanachezea barabarani. Mwezi Machi gari lilimvunja mguu mmoja wao, Keondra, wa miaka sita.

Hatimaye barua ikaja: mkaguzi atafika Alhamisi. Bustani ikipata alama chini ya hamsini, inajengwa upya.

Sasa wewe jaribu kumwambia mwanamke wa Kibaptisti kwamba kuna mgeni anakuja, halafu umkataze kufagia! Jumatano mtaa mzima uliifyeka na kuifagia bustani. Shemasi Purnell alimfungua mbwa wake, akafungia bembea kwa mnyororo wake. Mimi nilipaka rangi mtelezo, suruali yangu nayo ikapata rangi yake. Hakuna aliyeziwaza zile alama, hata mimi ninayejiita mjanja.

Mkaguzi, Bwana Halvorsen, alitikisa hiki, akagusa kile, akanywa juisi ya limau glasi mbili.

"Hongereni," akasema. "Hamsini na tatu."

Tukapiga makofi! Shemasi alikuwa keshaanza kucheza. Bi Verlene ndiye aliyeshusha mikono kwanza.

"Baba, si walisema inajengwa ikiwa chini ya hamsini?"

"Ndiyo, mama."

"Haya yote tumefanya jana. Mnyororo huo ni wa mbwa."

"Mimi naandika ninachokiona."

"Tupe nusu saa, bosi," nikamwambia. "Tukuchafulie."

Hakucheka. Ukaguzi mwingine, akasema, ni baada ya miaka mitatu. Akashukuru kwa juisi, akaondoka.

"Bi Verlene," nikasema, "ungekuwa mchafu kidogo tu, mtaa ungepona."

"Cortez, nyamaza." Alikuwa akisugua goti. "Nina miaka sabini na moja. Miaka mitatu mingine naitoa wapi?"



Ijumaa mvua ilivifukua vigae upya. Saa tisa watoto walirudi kutoka shule, wakamwaga mabegi, wakaingia barabarani kama kawaida. Bi Verlene alikokota kiti chake cha plastiki kutoka barazani hadi katikati ya lami, akakaa, watoto wakiwa nyuma yake.

Gari la kwanza likapiga honi. Hakugeuka.

"Bibi, unafanya nini hapo?" dereva akapaza sauti.

"Nimechoka," akajibu. "Nimekaa."

Shemasi akaleta kiti chake. Mimi nilibaki nimesimama, maana ilibidi mtu aende kuzungumza na madereva, na foleni ilikuwa imeshafika kona.