Supu ya Bu Katiyem

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Pak Sudarmo alikaa mwisho wa benchi la Bu Katiyem, akala bakuli moja la soto, supu ya kuku iliyomiminwa juu ya wali, kisha akaondoka na nyingine kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Ya mfukoni ilikuwa ya mkewe, Sutinah. Tangu kiharusi kimlaze upande mmoja, Sutinah alikataa uji, akakataa ndizi za kupondwa. Supu hiyo tu ndiyo ilipita kooni. Akishamlisha, Sudarmo alikwenda karakanani kugonga mihuri ya nta kwenye vitambaa vya batiki mpaka jioni. Kwa miaka kumi na tisa kibanda kile hakikuwa na jina wala kibao. Waliokula pale walikuwa watu wa kichochoro, na bei ilikuwa ya watu wa kichochoro.

Mvua zilipoanza, akaja kijana kutoka Jakarta, Reyhan, ambaye kazi yake ilikuwa kula mbele ya simu. Alionja, akafumba macho, akawatangazia watazamaji wake kwamba amegundua hazina iliyofichika. Sudarmo, aliyekuwa ubavuni pake, hakuelewa imefichwa na nani.

Jumatatu iliyofuata foleni ilianzia benchini ikafika msikitini. Jumanne supu ikaanza kugeuka maji.

Iligeukia bakulini, si chunguni. Bu Katiyem alichota supu ya manjano yenye harufu ya mchaichai, na ikifika mbele ya mgeni, pamoja na kuku wake na wali wake, ilikuwa maji ya moto yasiyo hata chumvi. Ya watu wa kichochoro ilibaki supu. Bu Katiyem alidhani ni binzari, akabadilisha muuzaji. Alipoona si binzari, akaendelea kupika. Wageni wa kwanza aliwaomba radhi, akataka kuwarudishia pesa zao. Wakakataa. Waliyapiga picha yale maji, wakayanywa hadi tone la mwisho, wakaandika mtandaoni kwamba tangu wazaliwe hawajaonja kitu kama kile, wakampa nyota tano.

Kilichomuudhi Sudarmo hayakuwa maji. Ni kwamba chungu kilikuwa kimoja, na kiliisha kabla zamu yake haijafika. Siku tatu mfululizo alirudi kwa Sutinah mikono mitupu. Siku ya nne Sutinah aliutazama uji, akaugeukia ukuta. Siku ya tano Sudarmo alimsemesha mwanamke wa Surabaya aliyekuwa akinywa amesimama, huku akisubiri bakuli la pili.

"Mbak, dada yangu, hayo ni maji."

"Ndiyo raha yake, Pak," akasema yule mwanamke. "Mepesi. Hayana mafuta kabisa."

"Mke wangu anaumwa, na hawezi kula kitu kingine chochote. Nipishe nichukue bakuli moja tu."

"Pole sana, Pak. Lakini sisi wenzako tumetoka mbali."

Sudarmo alitaka kumwambia kwamba yeye hajatoka popote, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Akaona ni kumpigia mbuzi gitaa, akarudi nyumbani.

Bu Katiyem akaanza kumfichia Sutinah mfuko wake chini ya meza. Foleni iliuona, ikanung'unika. Mmoja akaandika kwamba chakula hakina mfano lakini kuna upendeleo.

Ndipo akaja mwenye kibanda, Pak Prayogo, anayeishi upande wa pili wa mji. Aliletewa bakuli lake, akaonja, akaliweka chini.

"Bu, mbona haya ni maji?"

Kati ya wageni wote, ni yeye peke yake aliyelisema.

"Ndiyo, Pak. Kwa mtu wa mbali huwa maji."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

Pak Prayogo akaitazama foleni kwa muda. Mkataba wa Bu Katiyem wa kukodi kibanda ulikuwa unaisha mwezi ule, naye hakuandika mwingine. Alimweleza Bu Katiyem kwa upole sana kwamba kazi ya jikoni inamchosha mtu wa umri wake. Bu Katiyem aliosha chungu, akamfundisha Sudarmo kupika supu kwa asubuhi tatu, akimkaripia kila alipokata mchaichai vibaya, kisha akaenda Boyolali kwa binti yake. Supu ya Sudarmo haikuwa yenyewe. Sutinah alimeza nusu.

Pak Prayogo alitundika kibao chenye jina la Bu Katiyem na picha yake anacheka, akanunua birika mbili kubwa. Hakununua kuku. Nyota hazikupungua. Bei ilipanda mara tatu, na foleni ikaupita msikiti, ikaupita mlango wa Sudarmo, ikaziba kichochoro chote.

Asubuhi moja Sudarmo alirudi kutoka sokoni na kuku, akajaribu kupenya.

"Pak, mwisho wa foleni uko kule," akasema kijana mmoja, kwa adabu.

"Mimi nakaa hapa. Ule pale ndio mlango wangu."

"Kila mtu ana sababu yake, Pak."

Wengine waligeuka wakamwangalia kama mtu asiye na haya. Sudarmo akatembea hadi mwisho, akasimama nyuma ya familia iliyotoka Bandung. Alipofika mlangoni pake ilikuwa saa nne kasoro. Sutinah, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, aliuliza kama leo watu ni wengi. Akamwambia ni wengi, akawasha jiko.