Miguu ya Mdudu Mwingine

Mtaa mzima ulimwita Bi Mende, ingawa mende hakuwahi kushughulika nao hata siku moja. Kazi yake pale makumbusho ilikuwa mbawakawa wenye papasi ndefu, zile nyuzi za kichwani zinazopita hata urefu wa mwili, ambao mabuu yao hutafuna mbao. Watu walimtumia picha kwa simu, naye akawaambia mdudu ni yupi na kama paa litaanguka.

Asubuhi moja ikaja picha kutoka kwa dada yake. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao, walipogombania cherehani. Dada aliichukua, Bi Mende akamwambia mbele za watu kwamba hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Ilikuwa kweli, ndiyo maana haikusameheka.

Chini ya picha, bila salamu, dada aliandika: "Huyu ni mdudu gani? Nimemkuta kwenye pazia."

Bi Mende alimjua palepale. Alikuwa wa kawaida kabisa, droo nzima imejaa ndugu zake. Lakini akijibu, dada atasema asante, na simu itanyamaza tena. Kwa hiyo akaandika kwa ukavu wa kiofisi: "Picha haitoshi. Piga ya ubavuni."

Ikaja ya ubavuni, pamoja na "habari za huko?" Akaomba ya tumboni. Ikaja, na taarifa kwamba goti la shemeji limeanza tena kusumbua. Akaomba miguu ya nyuma. Siku hizo alikwenda na simu mpaka msalani, mtu mzima na akili zake, akingoja miguu ya mdudu.

Miguu ilipofika, alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Haikuwa ya mdudu yule. Alifungua madroo yote na kupekua vitabu mpaka bosi wake akauliza kama wameibiwa. Mwenye miguu ile hakuwemo popote. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiomba apate mdudu asiyejulikana na mtu, na sasa kaletewa kwa udanganyifu.

Akapiga simu.

"Shikamoo dada. Huyu si yule."

"Marahaba," dada akaitikia. "Yule aliliwa na sisimizi. Nikaokota mwingine kwenye kuni. Ningekuambia kaisha, ungeacha kuniandikia."

"Yule wa kwanza nilimjua siku ileile."

"Ulimjua! Halafu ukanipigisha magoti sakafuni napiga picha matumbo?"

"Ningekuambia, nawe ungeacha."

Dada akacheka, kile kicheko chake cha kukoroma, na Bi Mende akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Lakini huyu wa pili simjui, dada. Nadhani hakuna anayemjua duniani. Usimguse, nakuja leo."

"Nilidhani umemaliza na miguu," dada alisema. "Nimemfagia, nikamtia motoni." Kisha, kwa sauti ndogo: "Ndiyo kusema huji tena?"

Bi Mende akakaa chini. Iliuma, tena iliuma sana, kwa kuwa hakuna mdudu anayepewa jina kwa picha ya miguu tu.

"Nakuja," akasema.

Bosi alipouliza anakwenda kuangalia nini huko, alijibu kuwa hakuna kilichobaki cha kuangalia, na kwamba amechelewa.