Mstari Uliolazwa

...hapana, mstari wa grafu hauwezi kulala hivyo, lambo la Nkololo nimeliona jana kwa macho yangu, ng'ombe wa mama walizama kwenye tope hadi magotini kabla hawajayafikia maji, halafu leo kwenye kompyuta ya Kristofa maji yameshuka kidogo tu, wazee wamejibana nyuma yake ofisini kwa mtendaji wa kata, wanakitazama kioo kama watu waliopelekewa picha ya eksirei, jenereta inanguruma nje, na yeye anasema, "Mnaona wazee, tangu kiwanda kianze kuvuta maji hakuna badiliko kubwa," mdogo wangu huyu, sauti laini hivyo ameitoa wapi, ushirika ulipompunguza kazini alirudi kuchunga kwa mama, mpaka soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi wakaja hawa wenye kiwanda cha mafuta ya pamba wakamvika shati lenye nembo... kwa nini hanitazami, labda namba zimeingia vibaya, soma pembeni, Benedikta, soma mhimili wa wima, moja, kumi, mia, elfu, elfu kumi, na nafasi zote sawasawa, kutoka moja hadi kumi ni sawa na kutoka elfu hadi elfu kumi, Mungu wangu, ni logi, kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, ndiyo maana, huko juu mita za ujazo elfu tisa zikishuka hadi elfu nne zinaonekana kama upana wa kidole... "Kwa hiyo maji yapo, ng'wanawane, mwanangu?" anauliza Mzee Mayige, "Yapo, baba," na kweli yapo, hakuna namba hata moja ya uongo pale, uongo uko kwenye nafasi kati ya namba, labda hakujua, labda programu yenyewe... lakini programu ile tuliifungua kwenye semina ya walimu kule Mwanza, ukichora tu inakupa mihimili ya kawaida, ya logi lazima uiendee mwenyewe, ufungue orodha, uchague, ubonyeze, na asubuhi nilipompelekea uji mstari ulikuwa unaporomoka, akauziba kwa kiganja, "Bado, dada, naurekebisha," nikadhani anaona aibu ya kazi isiyokwisha, nikisema akafukuzwa mama atasema ni mimi, nisiposema ng'ombe watakunywa wapi kiangazi kikikaza... "Mwalimu," Mzee Mayige amenigeukia, "wewe ndiye wa hesabu, tuwaruhusu waendelee kuvuta?" na sasa Kristofa ananitazama, jicho lake haliombi msaada, linanipima, linataka kujua kama nimeusoma mhimili, basi si haraka, si bahati mbaya, ameuchagua, mtoto wa mama yangu ameuchagua, jenereta bado inanguruma, wazee bado wameinama, swali bado liko hewani, nilikuwa natafuta jinsi ya kumtetea, sitafuti tena, neno limeshafika mdomoni, irudishe, Kristofa, irudishe mihimili ya kawaida, wazee waone maji yao.