Farasi Kumi na Saba wa Barrak

Kuapa kwa nguvu za injini mwezi wa nane, hapa Kuwait, ni wazimu mtupu. Injini inakula hewa, na hewa ya Shuwaikh mwezi huo ni moto mtupu, nyepesi, haimshibishi hata panya. Nina gereji mtaa huu tangu nywele zangu ziko nyeusi, na kila mwaka nawaambia vijana: leteni magari yenu ya mbio baridi ikiingia. Jarrah, mmoja wa vijana hao, alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Ila alikuwa ameketi diwaniyani, kwenye baraza la wanaume, chai mkononi, wanaume wenzake wakimtazama, na Musaid akaanza kumchokoza.

"Hilo gari lako ni kelele tu," Musaid alimwambia. "Farasi mia saba utawapata wapi? Labda punda."

"Linafika mia saba."

"Lini? Siku ya kiama?"

"Kabla Suheil haijachomoza! Naapa kwa talaka: lisipotoa mia saba kwenye mashine ya Abu Yazan, Lulwa si mke wangu."

Abu Yazan ndiye mimi. Sikuwapo, wala hakuna aliyeniuliza kama nataka mashine yangu ya kupimia nguvu za injini iwe kadhi. Na hiyo Suheil ni nyota. Ikionekana alfajiri, watu wa hapa wanajua joto limeanza kuvunjika. Maana yake mpumbavu yule alijichagulia siku zote za joto, akaiacha baridi iliyokuwa inakuja kumsaidia. Hakuna anayeapa hivyo isipokuwa mtu wa diwaniya.

Lulwa alikuwa ameshaachwa mara mbili na ulimi uleule. Mara ya kwanza kwa ajili ya mechi ya mpira, mara ya pili kwa sahani ya samaki ambayo Jarrah aliapa hakuna atakayeila, mgeni akaila. Mara zote mbili alirejewa, watu wakacheka, wakala wali. Safari hii Jarrah alikwenda kwa shehe kutafuta upenyo, naye shehe akamwambia hakuna. Talaka ya tatu haina kurejeana. Akaja kwangu mbio, kola imelowa jasho.

"Ami, niokoe. Nifanyie chochote."

Nikamketisha, nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, maana vijana hawa wanadhani farasi wote wana bei moja. Gari lilitoka kiwandani na nguvu za farasi mia nne na ishirini. Ukibadilisha programu ya kompyuta yake, kazi ya asubuhi moja na dinari mia tatu na hamsini, unapata themanini juu yake. Hao ndio farasi wa halali, kila dinari unaiona. Ukiongeza ekzosi pana na kipozea hewa kikubwa, dinari mia tisa, unapata thelathini na tano; hapo bado si haba. Baada ya hapo ni turbo mpya, pistoni za chuma cha kufua, pampu ya mafuta, dinari elfu sita, na injini iliyokuwa idumu miaka kumi inaanza kuhesabiwa miezi.

"Mtu mwenye akili," nikamwambia, "anashuka kwenye kituo cha kwanza. Programu, basi, unakwenda zako nyumbani."

"Mtu mwenye akili hakuapa, ami. Fanya yote."

Nikafanya yote. Alichukua mkopo benki, akaiuza na saa aliyoachiwa na baba yake. Wiki mbili mafundi wangu walilala na lile gari. Tulipolipandisha juu ya roli za mashine, magurudumu yakizunguka palepale na feni kubwa ikililia puani, kompyuta ilitupa mia sita na themanini na tatu. Tukasubiri alfajiri, tukarudia. Themanini na tatu. Tukamwaga barafu juu ya kipozea hewa. Themanini na tatu, kana kwamba mtu ameiandika kwa msumari.

Hapo ndipo Barrak alipoingia. Barrak ni kaka yake Lulwa, mkubwa wake, mtu wa heshima zake, mwenye duka la mazulia. Aliniita pembeni.

"Abu Yazan, si nasikia mashine hizi zina mahali pa kurekebisha? Unaiambia kuna joto, nayo inakuongezea namba?"

"Pana mahali."

"Basi?"

"Basi mashine haina dini, mimi ninayo. Unataka dada yako akae na mwanamume kwa namba ya uongo? Dhambi hiyo utaibeba wewe?"

Akasema astaghafirullah, na kweli aliona haya. Akaniuliza zimepungua ngapi. Nikamwambia farasi kumi na saba. Akauliza wanapatikanaje. Nikamwambia ukweli: turbo kubwa zaidi, na tangi la maji na spiriti la kupoza hewa inayoingia, dinari elfu nne, kazi ya haraka na vipuri kuletwa kwa ndege. Kila farasi kwa bei ya kondoo wawili wa Idi. Na injini yenyewe sitaiwekea dhamana hata ya kutoka nje ya geti.

Jarrah hakuwa na kitu tena. Alikuwa amemwomba Lulwa dhahabu ya mahari yake, na Lulwa amekataa.

"Amekataa kabisa!" alilalamika mbele yetu. "Mke anayeipenda nyumba yake anakataa? Namwambia ni kwa ajili yako mwenyewe, ananiambia mahari ni yangu, sitaitia kwenye ekzosi."

"Ni hasira," Barrak akasema. "Wanawake wa kwetu wana kiburi. Ndani analia."

Mimi pia nilidhani ni kiburi. Lulwa mwenyewe alikuwa amenipigia simu siku chache kabla, sauti ya chini sana, akiuliza kama kuna uwezekano wowote lile gari likafika. Nikamhurumia. Nikamwambia, "Usijali binti yangu, nitajitahidi mpaka dakika ya mwisho." Akasema, "Usijichoshe sana, ami." Nikasema moyoni, mtoto huyu ana adabu, na shida zake zote ananionea mimi huruma.

Barrak akalipa. Alifunga duka nusu siku, akarudi na fedha taslimu ndani ya mfuko wa mkate, akaziweka mezani kwangu bila kumtazama Jarrah. Mchuma janga hula na wa kwao. "Simfanyii yeye," akaniambia. "Namfanyia dada yangu. Nitamnunulia nyumba yake kwa bei yoyote."

Siku ya mwisho kabla ya Suheil, diwaniya nzima ilihamia gerejini. Musaid alikuja na deli la chai, mnafiki mkubwa, anaomba dua kwa sauti kuliko wote. Barrak alimleta Lulwa, akamwacha ndani ya gari nje, kiyoyozi kinawaka. Walikuwa wamekubaliana hivi: gari likishindwa, pale pale anaondoka na kaka yake kwenda kwa mama yao, asikanyage tena kwa Jarrah. Hivyo alikuja na sanduku lake tayari.

Nililiendesha mwenyewe juu ya roli. Sikumwamini mtu mwingine. Injini ilinguruma, mabati ya paa yakatetemeka, mshale ukapanda, nami nikakaza mguu nikisoma ninachokijua cha Kurani. Harufu ya moto ikaanza kunijia kutoka chini ya boneti. Sikuachia mpaka kompyuta ilipolia.

Mia saba na nne.

Wanaume wazima walirukaruka mle ndani. Jarrah alipiga magoti kwenye sakafu ya oili, akasujudu na dishdasha, kanzu yake nyeupe. Musaid alimbusu kichwani. Barrak alilia wazi, hakujificha, akanishika mkono: "Njoo, Abu Yazan. Nataka alisikie kwa kinywa chako."

Tukatoka juani. Lulwa alishusha kioo. Alimtazama kaka yake aliyejaa machozi, na uso wake ukachangamka. Wallahi ulichangamka. Aliyaona yale machozi akadhani ni ya msiba.

"Mia saba na nne," nikasema. "Hongera, binti yangu."

Uso ukazimika. Sijui niseme vipi. Nimeona injini zikifa mikononi mwangu, nimemzika na baba yangu, lakini ule uso bado unaninyima usingizi.

"Bila ujanja?" akauliza.

"Bila ujanja. Naapa."

"Mlikuwa mmekwama kwenye mia sita na themanini na kitu. Jarrah hana hata senti. Farasi waliobaki amewanunua nani?"

Barrak akajipiga kifuani. "Mimi, dada yangu! Ulidhani nitakuacha?"

Lulwa alimtazama, si kwa chuki, ningependa iwe chuki. Kisha akafungua mlango, akaliburuta sanduku kutoka kiti cha nyuma. Barrak alikimbia kumpokea.

"Lete, zito hilo, nikubebee."

"Acha, kaka," akasema taratibu. "Umeshanibeba vya kutosha."

Hapo ndipo Barrak alipoelewa. Mikono ilibaki hewani, mdomo wazi, na mimi nikageuza macho kwa sababu si vizuri kumtazama mwanamume wakati kama huo.

Jarrah alikuwa ameshalitoa gari nje, anapiga honi kwa furaha, anamwita mkewe apande mbele, leo atampeleka nyumbani kama bibi harusi. Lulwa alizunguka nyuma kuweka sanduku. Buti halikuwa na nafasi. Tulikuwa tumelijaza kwa lile tangi la kupozea. Viti vya nyuma pia tulishaving'oa kupitishia mabomba yake. Akaingia mbele, akafunga mkanda, akalipakata sanduku magotini, na Jarrah akakanyaga mafuta.