Kisanduku cha Bado Upo

Kufikia saa sita mchana wa Ijumaa ile, Verediana alikuwa ameshakufa mara sita, na mumewe alikuwa ameshachoka kumuua.

Mumewe ni Mzee Kalinga, mgane, mkulima wa mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji iliyo njia ya Idodi. Jaruba namba arobaini na saba lilikuwa la mkewe. Verediana ndiye aliyelichimba enzi zile mfereji ungali wa udongo, na jina lake ndilo lililokuwa daftarini. Sasa daftari limefungwa, umekuja Mfumo wa kompyuta. Tangazo likabandikwa mlangoni pa ofisi ya skimu: mwenye jaruba akifariki, mrithi ajiandikishe kwenye Mfumo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, asipofanya hivyo jaruba anapewa mwingine. Na huyo mwingine alikuwapo, ameshaanza kupita pale jioni jioni akilipima kwa macho.

Mwenye kuandika alikuwa Edmund, karani wa skimu, kijana mwenye adabu zake, baba yake mwinjilisti. Edmund aliandika kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja uji wa moto. Fomu ilikuwa na kurasa tano. Ukurasa wa kwanza walivuka salama. Ukurasa wa pili ulikuwa wa marehemu.

"Jina la marehemu?" aliuliza Edmund asubuhi ile.

"Verediana."

"Pole sana, mzee wangu."

"Asante. Nimeshapoa."

"Hapana, mzee, pole. Mama yule alikuwa mtu wa watu. Ile siku ya msiba mimi nilikuwa Iringa mjini, sikufika kuwapa mkono. Bwana alitoa..."

Sasa utamkatiza mtu anayekupa pole? Huku kwetu hakuna mwenye ujasiri huo. Kalinga akainamisha kichwa, akapokea pole hadi mwisho, akauliza na hali ya baba yake Edmund, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Waliporudi kwenye kioo wakakuta kisanduku kidogo kimechomoza pembeni: *Bado upo?*

"Nipo, mwanangu," Kalinga alikijibu. Alilelewa kuitika akiitwa.

Edmund hakukigusa. Semina ya siku moja waliyopewa, pamoja na soda na fulana, ilimfundisha kwamba kitu kikichomoza chenyewe kwenye kioo ni matapeli, usiguse. Akaendelea kudonoa herufi. Punde kioo kikawa cheupe: *Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia upya.*

Walipoingia upya, kila kitu kilikuwa kimefutika. Jina la Kalinga halipo, namba ya jaruba haipo, na Verediana kafufuka.

"Jina la marehemu?" Edmund akauliza tena. Na kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa, akaongeza: "Pole sana, mzee."

Wakaenda hivyo mara sita. Na kila mara walikwama palepale penye swali la sababu ya kifo.

"Andika," Kalinga alisema, "gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limepelekwa kwenye msafara wa kumpokea kiongozi."

"Mzee, hapa hapaandikwi. Ni kuchagua. Malaria, ajali, uzazi, uzee, mengineyo."

"Basi Verediana amekufa kwa mengineyo?"

Wakati wanabishana, kisanduku kikauliza kama wapo, kikangoja, kikawafukuza.

Saa nane na nusu yakaingia magari matatu meupe. Aliteremka Mkurugenzi wa mradi, mwenyewe kabisa, amekuja kuuzindua rasmi Mfumo ambao tayari ulikuwa umeshaanza kuwanyang'anya watu majaruba. Nyuma yake alikuwapo binti mmoja mwembamba, Tekla, mtaalamu kutoka Iyunga kule Mbeya, ambako Mfumo ulitengenezwa. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, kioo cha kompyuta kikaonekana humo kikubwa, wakulima wakajaa mpaka madirishani.

"Mfumo huu," alisema Mkurugenzi, "umeua urasimu! Fomu nzima ni dakika tano tu! Naingia mbele yenu, mshuhudie."

Akaingia. Kisha akaigeukia hadhira, akaanza itifaki. Akamtambua diwani. Akamtambua mwenyekiti wa skimu, na katibu wake, na mchungaji, na paroko ambaye hakuwepo ila alitambuliwa hivyo hivyo. Akashukuru kwa chakula ambacho hakijaiva. Akaleta salamu kutoka Iringa, na kabla hazijaisha akaanza za Mbeya. Nyuma ya mgongo wake, kwenye shuka, kisanduku kikachomoza kikubwa kama mlango: *Bado upo?*

"Nipo!" akaitika Kalinga.

Watu wakacheka. Mkurugenzi akadhani wameifurahia hotuba, akaongeza sauti. Alikuwa amefika kwenye historia ya kilimo cha umwagiliaji duniani pale shuka lilipokuwa jeupe tupu na maandishi yakatokea: *Muda wako umekwisha.*

"Amina," alisema mama mmoja wa nyuma.

Kicheko kilichozuka hapo kiliwarusha kuku waliokuwa nje. Mkurugenzi akageuka, akasoma, akafuta jasho. "Mtandao wa huku, jamani."

"Mtandao upo, Mheshimiwa," alisema Tekla kwa sauti ndogo. "Ukikaa dakika tano bila kubonyeza kitu, Mfumo unadhani umeondoka. Kuandika hauoni, unaona kubonyeza tu. Ndiyo maana unauliza. Hicho kisanduku kinabonyezwa."

Edmund akaruka. "Kinabonyezwa! Semina walituambia ni matapeli!"

"Na kwa nini dakika tano?" Kalinga aliuliza. "Mwanangu, kwenu Mbeya hampeani pole?"

"Ni usalama, baba. Ukiacha mashine wazi, mtu anaweza kuingia kwa jina lako."

"Nani aibe ugane wangu?"

Tekla akatazama chini. "Ilitakiwa iwe inahifadhi ulichokwisha kuandika. Tulisema. Tukaambiwa tarehe ya uzinduzi imeshapangwa."

Mkurugenzi alimkata jicho ambalo lingekausha mbegu. Lakini Kalinga alikuwa ameshasimama. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Mheshimiwa, tangu asubuhi nimemuua mke wangu mara sita humu ndani. Jaruba langu linaondoka saa kumi. Nakuomba nimuue mara moja tu mbele yako, imalizike. Edmund aandike. Wewe kaa hapa kwenye hiki kiti, kazi yako iwe kisanduku. Kikiuliza, ubonyeze."

"Mzee, ratiba yangu..."

"Kaa, Mheshimiwa!" walisema watu wa madirishani.

Akakaa.

"Jina la marehemu?" Edmund akafungua kinywa kutoa pole. Kalinga akainua mkono. "Pole zako nimezipokea zote, mpaka za mwakani. Andika." Kisanduku kikauliza, kidole cha Mkurugenzi, chenye pete, kikabonyeza. Tarehe ya kifo. Uhusiano. Kidole kikabonyeza. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, kama kwenye mpira.

"Sababu ya kifo?"

Wote mle ofisini waliijua.

"Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumpokea kiongozi," Kalinga alisema pole pole, akimtazama aliyekaa kwenye kiti. "Magari yalikuwa matatu meupe, la wagonjwa likawa la nne. Mke wangu alikaa kwenye benchi la zahanati toka alfajiri hadi saa tisa. Nani alimuuliza kama bado yupo?"

Kwenye shuka kisanduku kikachomoza. *Bado upo?*

Kidole chenye pete hakikusogea.

"Bonyeza, Mheshimiwa," alisema Kalinga. "Umeulizwa wewe."

Ikapita kama nusu dakika, ndefu kuliko hotuba. Kisha kidole kikashuka. Edmund akachagua *mengineyo*, maana hapakuwa na pengine, wakavuka. Majirani wa jaruba, picha ya cheti, kutuma. Saa kumi kasoro dakika saba Mfumo ukatoa namba ya kupokelewa, na Kalinga akaiandika kiganjani kwa kalamu ya Edmund, kwa sababu mambo ya kioo alikuwa ameshayaona.

Wiki ya tatu baada ya hapo alikuwa shambani akifungulia maji namba arobaini na saba, redio ndogo ya Verediana ikining'inia kwenye mti wa uzio. Mtangazaji akasema Mkurugenzi wa mradi, baada ya utafiti wa kina alioufanya yeye mwenyewe vijijini, ameongeza muda wa Mfumo kutoka dakika tano hadi thelathini, na amepongezwa. Tekla hakutajwa. Gari la wagonjwa halikutajwa.

Kalinga aliizima redio, akarudi kwenye maji yake. Yalikuwa yameanza kupotelea upande wa jirani.