Mkunjo wa Nne

Kitu cha kwanza alichokiona ni shuka kulegea.

Halikulegea sana. Mtu mwingine asingetambua. Walikuwa wamesimama kama siku zote, mama upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, kila mmoja ameshika pembe mbili, na mama alikuwa akiimba. Ilipofika zamu ya kuvuta, shuka lilitakiwa kulia paa! kama kofi la mtu mwenye hasira. Siku hiyo lilitoa mlio mdogo, wa mtu anayepiga makofi huku anaona haya, na katikati ya kitambaa pakabaki bonde. Binti akaliangalia lile bonde, akamwangalia mama. Mama akatabasamu, akaendelea na wimbo wake.

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini ya wadi zote, na kila kilichomwagika juu kilishukia huko: damu, jasho, uji, na machozi, ambayo hayana doa la kusugua. Wanawake tisa walifanya kazi humo. Wengine walisimama kwenye mashine, wengine kwenye pasi. Mmoja, aliyekwisha kukosana na kila mtu, alikaa peke yake nyuma ya ukuta, kwenye sinki la madoa. Mashuka yakikauka yaliletwa kwenye meza ya kukunjia, na hapo palikuwa ufalme wa mama.

"Ukitaka kumjua mtu, kunja naye shuka," mama alizoea kusema. "Mume nimeishi naye miaka kumi, simjui. Ningekunja naye shuka moja tu, ningerudi kwetu siku ileile."

"Na yeye angekujua wewe, angetangulia kukimbia!" alijibu Bi Mvuke kutoka kwenye pasi. Walimwita jina hilo kwa sababu mvuke wa pasi uliuficha uso wake, ukaonekana mara mbili tu kwa siku, anapoingia na anapotoka.

Binti alicheka kwa macho. Maneno hayakuwa mali yake. Aliacha shule darasa la sita, bibi yake alipopooza na mtu wa kushinda naye nyumbani akakosekana. Bibi alipofariki, wenzake wa darasani walikuwa wameshamaliza shule, naye aliona aibu kukaa dawati moja na watoto wadogo. Alipokua, mama akamleta mezani, akampa pembe mbili za shuka na kumwambia, "Wewe nifuate tu."

Akamfuata. Wimbo wa kukunjia mama aliutunga mwenyewe. Ulikuwa na mistari minne, na kila mstari ulikuwa na mkunjo wake:

Vuta kwako nivutie,
njoo kwangu nikujie,
pindo kwa pindo tutie,
aliyelala apone.

Kwenye mstari wa kwanza walivuta na kulipinda shuka kwa urefu. Wa pili uliwakutanisha katikati, ncha za vidole zikagusana. Wa tatu ulilaza pindo juu ya pindo. Wa nne ulikuwa wa mama peke yake: alikunja mkunjo wa mwisho, akapitisha kiganja juu ya kitambaa polepole, kama anayemfunika mtoto. Binti hakuwahi kuimba. Midomo yake ilicheza tu, na mama alijifanya haoni.

Baada ya siku ile ya bonde, mashuka yaliendelea kulegea. Binti akajifunza kusimama nusu hatua nyuma, ili mvuto wake utoshe wawili. Mama akalegea zaidi, naye akarudi nyuma zaidi, hadi kisigino chake kikawa kinagusa mlango. Kisha pumzi ya mama ikaanza kuishia kwenye mstari wa tatu. Aliimba "tutie", akanyamaza, akaegemea meza kama mtu anayetafuta kitu alichosahau. Binti hakuuliza. Mkono wake ulipita upesi, ukakunja mkunjo wa nne, ukaliweka shuka kwenye rundo kabla mtu yeyote hajageuka.

Walifanya hivyo miezi mitatu. Wenzao walisema, "Siku hizi mnakwenda mbio kweli!"

Mama alianguka asubuhi moja akiwa ameshika pembe zake. Wakampandisha juu, kwenye zile wadi ambazo miaka yote alizijua kwa mashuka yake tu. Hakumaliza juma. Daktari alisema moyo ulichoka zamani, laiti angeletwa mapema. Alilisema hilo huku anaandika, bila ubaya, kama anayesema mvua ingenyesha mapema mahindi yangeota.

Waliomfunika walitumia shuka lililotoka kwenye rundo lao kule chini. Binti alisimama pembeni ya kitanda, akaiona mistari ya mikunjo juu ya kifua kilichotulia. Akaihesabu, maana hakuwa na kingine cha kufanya na macho yake. Mmoja, wa pili, wa tatu, imenyooka. Wa nne ulikuwa umekwenda upande. Aliujua. Ulikuwa wake.

*

Bi Mvuke ndiye aliyeletwa mezani kushika pembe za mama. Alisimama upande wa dirisha na uso wake wote mkavu, na wimbo aliujua, kwa kuwa nani asiyeujua humo ndani? Sauti yake ilikuwa nene, ya kuparuza, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Kila aliposema "vuta kwako", kitu kilivutwa ndani ya binti, mahali pasipo na pembe ya kushika.

Juma la sita, msimamizi aliingia na mashuka mkononi. Aliyaweka mezani moja moja.

"Haya yametoka chumba cha upasuaji. Muuguzi analikung'uta shuka moja, halifunguki. Mgonjwa yuko kwenye machela, anangoja. Hesabuni mikunjo."

Bi Mvuke akahesabu kwa kidole. "Mitano."

"Mitano. Na kwenye kabati kuna mengine thelathini ya namna hii. Mnakunja mashuka au mnafunga vitumbua?" Akamgeukia binti, akashusha sauti. "Mama yako nilimheshimu, na wewe nakuonea huruma. Lakini huruma haikunjui shuka. Jioni nitapita hapa. Nikikuta hata moja, kesho uko sinki la madoa."

Alipotoka, binti aliangalia upande wa sinki. Nyuma ya ule ukuta wimbo haukufika. Mashine zilikuwa zikiumeza.

"Mkono wako ndio unaotangulia," alisema Bi Mvuke. "Nimekuwa nikiuona, nikadhani ni macho yangu. Nikimaliza 'tutie' wewe umeshakunja. Mimi nafika kwenye 'aliyelala', nakunja tena. Nani kakufundisha kukunja wa nne?"

Binti akaanza kuikunjua ile mikunjo mitano.

"Basi tukunje bila wimbo. Tunyamaze kama wakwe."

Wakajaribu. Bila wimbo, mikono ilikuwa ya wageni wawili. Mmoja alivuta, mwingine akaja, pembe zikapishana, na shuka lililofuliwa, likakaushwa, likapigwa pasi, likaanguka sakafuni kwenye maji.

"Ona sasa," Bi Mvuke alisema, akaliokota na kulitupa kwenye kapu. "Hata mkwe huongea akinyimwa chai."



Bi Mvuke akavuta shuka jingine, akampa pembe mbili. Safari hii hakuimba mara moja. Alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtu ambaye ndiyo kwanza mvuke umeondoka usoni pake.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nitaimba mitatu. Wa nne imba wewe. Mdomo ukiwa na kazi, mkono utangoja. Usiimbe kwa uzuri, hapa si harusini. Sema tu maneno."

"Mama mdogo, sijawahi."

"Najua. Miaka minne nimekusikia ukinyamaza. Shika."

Wakashika. Mashine ziliunguruma, bomba lilidondoka tone kwa tone ndani ya beseni. Bi Mvuke akaanza.

Vuta kwako nivutie. Shuka likalia paa! Mvuto wa mwanamke mwenye nguvu ulimfikia hadi mabegani, akajikuta anajikwaa mbele, kwa kuwa alikuwa amesimama nusu hatua nyuma, kisigino kikigusa mlango, akivuta kwa ajili ya watu wawili.

Njoo kwangu nikujie. Akaenda. Vidole vikagusana. Vya Bi Mvuke vilikuwa vya moto, vigumu kwa pasi za miaka mingi. Vya mama, siku za mwisho, vilikuwa baridi kama kitambaa kibichi. Alivigusa mara mia kwa siku, na mara mia alivijua.

Pindo kwa pindo tutie.

Bi Mvuke akaishia hapo, akangoja. Mkono wa binti ukataka kupita upesi juu ya kitambaa kama ulivyozoea, kuficha. Akauzuia. Ukabaki pale, umefunguka, hauna kazi. Akafungua mdomo ili aseme yale maneno mawili ya mwisho, aliyelala apone, na yakamkwama, maana aliyelala hakupona.

"Imba, mwanangu," Bi Mvuke alisema taratibu.

"Niliona," binti alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wanawake wa kwenye pasi waligeuka, kwa kuwa hawakuijua.

"Shuka lilikuwa linalegea. Miezi yote ile. Niliona, mama mdogo, nikawa navuta mimi. Wa nne nikawa nakunja mimi." Akaushika mkunjo ule ambao haujakunjwa. "Ningesema, wangemtoa hapa. Wangempeleka nyumbani akae. Sikusema. Nilitaka aendelee kuniimbia."