Karatasi ya Mpiga Kinanda

Somo la Injili lilikuwa limefika katikati pale Dorothea Ziegler, mjane wa mwalimu wa kwaya, alipoikumbuka karatasi ya kinanda.

Kinanda cha kanisa lao kililia sauti moja nzima juu ya fidla. Kwa hiyo karatasi ya mpigaji huandikwa sauti moja chini, ndipo vyote vikutane. Naye jana, kwa uchovu, aliinakili vilevile kama za wengine. Mazoezi walifanyia shuleni, bila kinanda, hakuna aliyegundua.

Kantata ya ibada hiyo, utungo wa kwaya na ala uliojengwa juu ya wimbo wa toba ambao usharika mzima uliujua kwa moyo, aliitunga mwanawe Ambrosius. Leo alikuwa akipimwa ili arithi kazi ya marehemu baba yake. Akishindwa, watahama nyumba ya mwalimu kabla theluji haijayeyuka. Wazee wa baraza la mji, ndio waamuzi, walikuwa wameketi mbele.

Roshani ya kwaya hapandi mwanamke. Dorothea alipanda, akimwomba Mungu ngazi zisilie.

Bwana Kühnel, mpiga kinanda, aligeuka. Kazi ile aliitaka kwa mpwa wake, mji wote ulijua.

"Mama Ziegler, umepotea? Benchi za kina mama ziko chini."

"Karatasi yako nimeikosea, Bwana Kühnel. Sikuishusha."

Kühnel akaitazama karatasi.

"Mwanao anajua?"

"Hajui."

"Basi nikipiga ulivyoandika, nani atanilaumu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja kwako, si kwake."

"Una moyo, mama. Au huna akili."

"Chagua mwenyewe, bwana."

Chini mchungaji akafunga kitabu. Upande wa pili wa roshani, mbele ya kwaya, Ambrosius akainua mkono kuanzisha, akamwona mamake kando ya kinanda, akapauka. Dorothea alitafuta sala, maneno yakamkimbia, akashika nguzo.

Mikono ya Kühnel ikashuka. Sauti ya kwanza ikakutana na fidla, sawasawa. Alikuwa akishusha kila noti kichwani mwake, jasho likimchuruzika chini ya nywele za bandia.

Ukurasa ulipokaribia kwisha, Kühnel alinong'ona bila kugeuka.

"Bado kurasa nyingi, mama. Na mimi sijaamua kama nitaendelea kuishusha. Haya, fungua ukurasa."

Dorothea akanyoosha mkono, akafungua.